Mashine Mbili za Kumsikiliza Ummi

Mke wangu Ummi alikufa mwaka jana, masika yalipoanza. Aliacha pembe la nyati, kijiti chake cha kupigia, na kaseti moja. Pembe liko ukutani. Shida ni kaseti.

Waliomjua hawana haja ya kuambiwa. Wasiomjua nawaambia kwa ufupi. Alizaliwa hapa Kipini, nyuma ya msikiti. Baba yake alikuwa akitia samaki chumvi, na yeye tangu mdogo alipasua samaki kwa kisu kirefu kuliko mkono wake. Vidole vyake vilikuwa na nyufa za chumvi mpaka tunamzika. Alikuwa mfupi. Alitembea haraka. Akiona mkeka umesukwa vibaya aliukunja akamrudishia msukaji, hata kama si yeye aliyeuagiza. Ng'onda zake zilikwenda Garsen kwa magunia na hakuna aliyezirudisha.

Na arusini yeye ndiye aliyeanzisha vugo.

Vugo ni la wanawake. Wanapiga pembe za nyati kwa vijiti, mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Kuna la njiani, hilo kila mtu hulisikia. Kuna la ndani, milango ikishafungwa. La ndani si la wanaume. Humo wakwe hutukanwa, bwana arusi hupimwa kama mbuzi wa mnadani, na kila mume wa mtaa huletwa mbele kwa zamu yake. Sisi tulikaa nje barazani tukila pilau. Tulisikia pembe na vicheko. Maneno hayakutoka. Nyumba zetu ni za mawe ya zamani, ukuta una unene wa mkono mzima.

Lakini sauti ya Ummi ilitoka. Nene, laini, kama inapanda kutoka kisimani. Niliijua hata wakiimba wote. Nyumbani hakuniimbia hata siku moja. Nikimwomba alisema, "Nikuimbie wewe? Kuitikia ataitikia nani?"

Miaka ile palikuwa na mzungu hapa aliyerekodi vyura wa mto. Mimi nilimlindia nyumba na kumwendeshea mtumbwi. Watu walimwita Bwana Vyura. Alikuwa na hedifoni kubwa, bapa, kila upande kama kifuniko cha sufuria ndogo. Hazikuwa na sumaku kama hizi za madukani. Ndani mna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umetandazwa katikati ya nyavu mbili za chuma, na umeme mkali ndio unaoutikisa. Simu haiziwezi. Redio haiziwezi. Zina waya wa meno matano na zinataka amplifaya yao wenyewe. Hiyo amplifaya ilikuwa ya taa: taa nne za kioo zimesimama juu ya bati, ukiwasha zinakuwa nyekundu polepole. Nilikuwa nikimwashia, kisha naenda kutawadha. Nikirudi, iko tayari.

Binti yetu Afrah alipoolewa, mke wa Bwana Vyura aliingia ndani na wanawake. Aliweka kipaza sauti karibu na Ummi, akarekodi vugo lote, kisha akampa Ummi kaseti mkononi. Hakubaki na nakala nyingine. Walipohama kurudi kwao, Bwana Vyura aliniachia hedifoni, mashine ya taa, ya kuchezea kaseti, na sanduku la kaseti za vyura.

Ummi aliifunga kaseti kwenye leso. Akaniambia, "Nikifa, sikiza. Ningali hai utanicheka. Na mwanamume mwingine asiisikie. Hata fundi. Hata mkwe. Humo nimetaja watu kwa majina."

Niliapa. Kwa hiyo spika haifai, ingemwaga sauti mtaani. Ni hedifoni tu.

Baada ya arobaini nilitoa mashine, nikaifungua leso.

Taa zilikuwa nyekundu kama zamani. Nikavaa. Nikasikia mvumo, nyuki ndani ya mtungi. Nyuma ya nyuki, mbali, Ummi. Nilikaza masikio mpaka kichwa kikaniuma. Nilipotoa kaseti, vumbi la kahawia lilibaki kwenye kidole. Nikafuta, nikatazama tena. Lilikuwa ni kaseti yenyewe. Kila ikizunguka inaacha kitu. Sina siku nyingi nayo.

Nikaipeleka mashine Garsen kwa Fundi Dabaso. Kibanda chake kiko karibu na stendi, kimejaa redio za watu waliosahau kuja kuzichukua. Aliipenda. Aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mzee, hii wapi umeitoa? Hii iko na roho. Hizi za siku hizi ni bati tu."

"Inavuma."

"Nitatoa mvumo. Leta hiyo kaseti nisikize."

"Hapana."

"Kidogo tu."

"Hapana. Ni ya wanawake."

Akaniangalia. "Sasa mimi nitatengeneza nini kama sisikii?"

"Tengeneza."

"Mzee Fumo, wewe ni kama mgonjwa anakuja kwa daktari na anasema usiniguse. Haya. Sauti inakaa vipi? Nieleze."

"Iko mbali," nikasema.

"Mbali kama wapi? Kama Minjila ama kama Malindi?"

Watu wa kibanda cha pili wakacheka. Nikawaachia wacheke.

Alipima kwa kaseti ya vyura. Umeme wa hedifoni ulimrusha mkono, akalitukana bati kwa Kigiriama. Akabadilisha kapasita iliyovimba, mvumo ukaisha. Nilirudi Kipini nikasikiliza. Ilikuwa ni yeye. Nene, laini, kama nje barazani. Maneno yalikuwa yameshikana, sikuyapata, lakini sikuyahitaji. Nililala vizuri.

Ingeishia hapo. Akaja Rashad.

Rashad ni mtoto wa dada yangu. Anafanya kazi Mombasa kwenye duka la mashine za muziki za watu wakubwa. Alikuja na boksi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nini hiyo?"

"Nilimwambia tajiri wangu habari ya hedifoni zako. Akapiga kelele. Nikamwonyesha picha ya mashine ya taa, akapiga kelele zaidi. Anaitaka. Anakupa hii mpya, ya transista, ina meno matano vilevile. Mbadilishane."

"Yangu haina neno."

"Mjomba, taa zinakufa. Moja ikifa, utaipata wapi? Kisha taa zinadanganya. Zinapaka asali. Hii inatoa kilichomo, basi. Haina chake." Akashusha sauti. "Au lete kaseti niitie kwenye simu, tumalize."

"Ipite mikononi mwa nani?"

"Mwangu tu."

"Wewe ni mwanamume?"

"Mjomba!"

"Basi."

Akacheka, akaniachia mashine ya transista. Alikuwa amekuja kukaa na mama yake, Ijumaa anarudi kazini. Akasema kufikia Ijumaa nichague moja. Tajiri wake hapendi kungoja.

Ile mashine ni ndogo, nyeusi, baridi. Huwashi ukangoja. Ukibonyeza, iko tayari. Nikavaa.

Kwanza nilisikia bangili. Kisha mtoto analia. Kisha mtu amejikwaa kwenye sinia. Nilisikia kijiti kinavyoligusa pembe na jinsi kinavyoondoka. Kisha mwanamke akafungua mdomo, karibu mno, ndani ya sikio langu, na sauti yake ilikuwa nyembamba na kali. Ina mikwaruzo. Inavuta pumzi kama mtu aliyekimbia. Katikati ya ubeti akakohoa.

Nikavua. Nikasema huyu si mke wangu.

Nikavaa tena. Safari hii maneno yalikuwa wazi, moja moja. Akaimba:

*Fumo kalala chali, boriti zatetemeka,*
*paka wa jirani kakimbia, kadhani simba kafika.*

Na wanawake wote: *Koroma bwana koroma, kucha kungali mbali!*

Wakacheka. Wakacheka sana. Nilimsikia mmoja akipaliwa na kicheko. Na Ummi hakucheka, alingoja, kisha akaongeza ubeti wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Siuandiki.

Miaka yote hiyo nikitoka barazani wanawake walinipita wakijifunika nyuso kwa leso. Nilidhani ni heshima.

Nilikasirika. Sikujua nakasirikia nini. Nikamlaumu Rashad. Nikailaumu mashine. Nikarudia ya taa, Ummi wangu akarudi, laini, hana maneno. Nikarudia ya transista, yule mwingine akarudi na kikohozi chake. Kila nikibadilisha, vumbi la kahawia kwenye kidole. Nikaacha. Nilikuwa namla mwenyewe.

Alhamisi nilichukua mashine zote mbili na Rashad tukaenda Garsen kwa Dabaso. Nilitaka watu wawili wanaojua waniambie ipi ya kweli. Kaseti ya Ummi niliiacha nyumbani. Nilibeba vyura.

Nilikosea.

Dabaso alivaa akasikiliza vyura kwa mashine ya taa. Alifumba macho. "Hii ndio kitu. Unasikia bwawa. Unasikia giza."

Rashad akavaa. "Giza ndilo kosa lenyewe, fundi. Sikiliza hii." Akahamisha waya. "Hesabu vyura. Ya taa walikuwa kundi. Hapa kila mmoja ana mahali pake."

"Nani anataka kuhesabu chura?"

"Anayetaka kujua walikuwa wangapi."

"Kijana, hii yako inanitoboa masikio. Chura wa kweli hatoboi."

"Umewahi kuweka sikio mdomoni mwa chura?"

"Wewe umewahi?"

"Mwenye kurekodi aliweka! Ndiyo maana!"

"Basi huyo ndiye aoe chura!"

Watu wakajaa. Mwenye chai akaja na birika. Mmoja akaomba avae, akavaa, akasema vyura wa kijijini kwao, Wema, ni wakubwa kuliko hawa. Wakaanza kubishana vyura wa Wema. Dabaso alikuwa ameshika mashine ya taa kifuani kama mtoto, Rashad anampigia mfano wa kioo cha dirisha, kimoja cha rangi, kingine kitupu.

Nikasema, "Sikuja kwa vyura."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu. Wakanyamaza.

"Nataka kujua ipi ni mke wangu."

Dabaso aliweka mashine chini. "Mzee, hilo sisi tutajuaje? Hatukumsikia. Na umetukataza."

Ni kweli. Nilikusanya waya. Rashad aliniuliza njiani kama nimekasirika. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza mpaka Witu, kisha akasema, "Lakini wanawake walimsikia, mjomba." Nilijiona mpumbavu, na kuonyeshwa upumbavu na mtoto wa dada yako ni jambo zito.

Ijumaa asubuhi nilimwita Bi Hanan. Nyumba yake ni ya pili kutoka yangu. Yeye na Ummi waliingia vugo siku moja, wasichana, na pembe la Hanan ndilo lililokaa mkono wa kushoto wa Ummi mpaka mwisho. Sasa anatembea kwa bakora lakini ulimi haujachoka.

"Leo umenikumbuka, shemeji? Au mchele umekuungulia?"

Nikamweleza. Alisikiliza, kichwa upande.

"Kwa hivyo umesikia ule wa paka."

"Nimesikia."

"Na wa pili?"

"Nimesikia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwakaa barazani mwatikisa vitwa, mwadhani mwasifiwa! Kumbe!"

"Bi Hanan. Ipi ni yeye?"

Akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Haya. Nivalishe hayo mawe yako."

Nilimkalisha mezani, nikamwashia ya taa kwanza, nikamvalisha. Kisha nikatoka nje, maana haifai, nikakaa barazani, nikashusha pazia. Mlango nikauacha wazi.

Mara akapiga kelele, kama wanavyopiga kelele watu waliovaa hedifoni:

"Fumo! Mbona mmemfunika shuka?"

Niliingia nikahamisha waya kwenye ya transista, nikairudisha kaseti mwanzo. Nikatoka tena. Nilikaa mahali pangu pa zamani, mgongo ukutani.

Kimya. Nikadhani amelala. Kisha nikasikia vidole vyake kwenye meza. Tak, tak-tak. Kisha akaitikia.

Alikuwa anaitikia peke yake. Alitoa kiitikio kwa sauti yote ya kizee, kisha akanyamaza, akingoja. Palepale alipongoja ndipo Ummi alikuwa anaimba, ndani ya masikio yake, na mimi sikusikia kitu. Kisha Hanan tena. Kisha kimya. Nilikijua kila kimya urefu wake. Nilikijua hiki ni cha wakwe, hiki cha bwana arusi. Nilikuwa nje ya ukuta uleule, na sauti niliyoijua ndiyo pekee ambayo haikutoka.

Mpita njia mmoja, Zakaria muuza makuti, alisimama. "Mzee Fumo, kuna arusi?"

"Pita," nikamwambia.

Akapita.

Hanan aliimba sana. Mwishoni hakungoja tena. Alikuwa anatoa na kuitikia mwenyewe, bila kupumzika. Kisha akanyamaza, akainua pazia na bakora. Mkononi alikuwa na utepe wa kahawia umening'inia.

"Imekatika," alisema.

Niliutazama utepe, kisha nikamtazama yeye.

"Usinitazame hivyo. Sikuivuta. Ilikatika yenyewe, kwenye ubeti wako."

"Lakini uliendelea kuimba."

"Ningenyamazaje? Mume wangu alikuwa bado kuletwa." Akakaa kwenye baraza, upande wa mbali, akajifuta macho kwa leso. "Ya pili ndiyo yeye, shemeji. Na kikohozi chake. Unakumbuka, alikuwa na mafua siku ile. Na ile kwaru, ni chumvi. Sisi sote tuliotia samaki chumvi tuna ile."

"Na ile nene? Niliyokuwa nikisikia mimi?"

Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Hii hapa."

Nilikaa. Nilikuwa na hasira, na mwenye kukasirikiwa hakuwapo. Nilikaa na Ummi miaka, nikala mkono wake, nikamzika. Na sauti yake ya kuimba sikuijua. Nilijua mawe na chokaa.

Rashad alikuja baada ya swala, mkoba begani. Akakuta mashine ya taa imo ndani ya boksi, imefungwa kamba.

"Umechagua, mjomba?"

"Chukua."

"Si ulisema hiyo haina neno?"

"Hiyo ni ukuta. Ukuta ninao."

Aliibeba. Alitaka kusema jambo la kushinda, nikamwona analimeza. Nikampa na kaseti iliyokatika, ndani ya leso, aipitishe kwa Dabaso Garsen aiunge. Nilimshikisha mkono nikamwapisha. Ilipomfikia Dabaso, nilimpigia simu nikamwapisha pia.

"Kuunga hakuhitaji masikio, mzee," alisema. "Ni makasi na gamu. Lakini hapo pamekunjika, lazima nikate kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Neno moja. Pengine nusu."

"Neno lipi?"

"Si umenikataza kusikiza?"

Alinicheka. Nilimkatia simu.

Ilirudi na mtu wa pikipiki. Nimeisikiliza mara chache tu, kwa mashine ndogo nyeusi. Bado sijaizoea. Kila mara nangoja ile nene, inakuja ile kali. Inanichosha. Kikohozi ndicho nimekizoea kwanza. Hicho nilikuwa nakijua.

Wakwe wamo. Bwana arusi yumo. Unafika ubeti wangu, unasikia mkwaruzo mdogo, kisha *kalala chali, boriti zatetemeka*. Jina halipo. Dabaso amelikata.

Mtu akisikia sasa hatajua ni nani aliyekuwa akikoroma. Nilimwambia Bi Hanan. Alisema nisihofu, yeye na wenziwe watakumbuka.